Sepia sio rangi ya picha iliyozeeka

Ukifungua programu yoyote ya kuhariri picha kwenye simu hukosi filta inaitwa sepia, ukiigusa tu picha ya jana inakuwa ya enzi za babu, njano njano hivi kama imemwagikiwa chai, na wengi tumeshakariri kwamba sepia ndo hiyo, picha ikikaa sana inageuka rangi basi.

Wapi. Sepia yenyewe ni kahawia iliyokolea haswa, imebaki kidogo tu iwe nyeusi, na asili yake ni wino wa dome, yule ndugu yao pweza na ngisi anayemwaga wino akitishwa. Wagiriki walimwita hivyo hivyo sepia, jina likahamia kwenye wino wake. Kifuko cha wino kilikaushwa, kikasagwa, na kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 wachoraji wa Ulaya waliupenda sana kwa sababu ukiutumia mzito unapata kivuli kizito, ukiongeza maji unapata kivuli chepesi, yani mchoro mzima unamalizika kwa rangi moja. Na ni wino mgumu asikwambie mtu, mwaka 1833 Mwingereza mmoja Elizabeth Philpot alichukua wino uliokaukia ndani ya visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya belemnaiti, jamaa za dome waliotoweka pamoja na dinosaria, akauchanganya na maji akachorea fuvu la iktiosauri, mtambaazi wa baharini wa zama hizo za kale!

Sasa kwenye picha za kamera hakukuwa na dome wala nini, ni jina tu limeazimwa. Picha ya nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za fedha, na hewa chafu inazila. Fundi anaipausha kwanza kwenye dawa mpaka karibu yote ipotee (hapo roho mkononi), halafu anaitumbukiza kwenye dawa ya salfaidi, chumba kizima kinanuka mayai viza, na sura zinarudi taratibu zikiwa kahawia. Fedha imeshageuka salfaidi ya fedha, ambayo inadumu zaidi. Kwa hiyo picha nyingi za hivyo zilipewa ile rangi makusudi, zisichakae. Zipo zilizokuwa kahawia kwa uzee kweli, ila hizo mara nyingi utaona zimefifia pia.

Mi filta za simu naona zinazidisha njano tu. Kwenye kompyuta kila rangi ina namba yake ya siri, na sepia inaandikwa sana #704214, jaribu kuiweka karibu na hiyo filta yako uone zilivyo mbali.