Ngome na majumba ya watawala, kutoka Siyu hadi Gede

Kabla ya kuuliza nauli ya boti ya Siyu, uliza maji yanajaa saa ngapi. Ngome ya Siyu, kisiwani Pate, iko mwisho wa hori linalopita katikati ya mikoko, na maji yakipwa hori hilo hubaki tope. Chombo kikikwama humo, dawa ni kungoja maji mengine. Wageni wengi wa siku mbili Lamu huikosa ngome hii kwa sababu hiyo tu, na wanakosa mengi, maana kwa ngome zote za pwani ya kaskazini hii ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa alasiri, saa 10 hivi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja yanakuja maji mafu, ambayo hujaa asubuhi, saa 4 au saa 5, lakini hayapandi sana. Siku mbili tatu baada ya maji mafu ndizo nzuri kwa Siyu, kwa kuwa maji hujaa mchana, na unaweza kuingia na kutoka kabla ya magharibi. Ingia horini maji yakiwa bado yanapanda, na mkubaliane na nahodha saa ya kuondoka kabla hujashuka. Akikuambia mna muda wa saa moja na nusu tu, usibishane naye.

Njia nyingine ni boti ya abiria kutoka Lamu hadi gati la Mtangawanda, kisha bodaboda au gari hadi Siyu. Boti hizo hupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, ambao nao hautoshi maji yakipwa. Ndiyo maana saa ya kuondoka hubadilika kila siku. Uliza jioni ya kuamkia safari. Ukishika njia hii, panga kulala kisiwani. Vaa nguo ya staha, toa salamu kwanza, na usimpige mtu picha bila ruhusa.

Siyu ilikuwa mji wa mafundi wa ngozi, wa samani za kuchonga na wa wanazuoni walionakili misahafu kwa mkono. Ilikuwa pia mji uliokataa kutawaliwa na Unguja. Majeshi ya Seyyid Said, sultani wa Unguja, yalishindwa huku miaka ya 1840, na Siyu haikusalimu amri hadi enzi ya mwanawe, Seyyid Majid, miaka ya 1860. Jina la Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu katika upinzani huo, utalisikia kwa kila mzee utakayemuuliza. Ukisimama ngomeni ukatazama lile hori, unaelewa mara moja kwa nini haikuwa rahisi kuuchukua mji huu kutoka baharini.

Ngome ya Lamu haihitaji hesabu yoyote. Iko Mkunguni, katikati ya mji, na ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, ambamo Lamu iliwashinda Pate na Mombasa. Wakati huo ilisimama ufukweni. Ardhi iliyo mbele yake leo ni kifusi kilichojazwa baadaye. Ilitumika kama jela hadi 1984, kisha ikawa makumbusho. Panda hadi juu ya kuta kabla jua halijawa kali, uone mapaa ya mitaa.

Popote utakapoingia, tupia jicho upana wa vyumba. Ni virefu lakini vyembamba, na sababu ni boriti. Nguzo ya mkoko haiwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa ikiwa itavuka zaidi ya mita mbili na nusu au karibu mita tatu, kwa hiyo hata mfalme aliishi katika chumba chembamba. Alichoweza ni kuongeza idadi ya vyumba, si upana wake. Mihrabu na nakshi zilichongwa kwa matumbawe yaliyotolewa baharini mabichi, yakiwa bado laini. Yakikauka huwa magumu. Kuta za kawaida ni mawe ya nchi kavu.

Jumba la kifalme unaloweza kulizunguka chumba kwa chumba liko Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kama kilomita 16 kusini ya Malindi. Panda matatu ya Watamu au ya Mombasa, ushuke Gede, kisha bodaboda hadi langoni. Usiupe mji huu nusu saa kama wafanyavyo wengi wanaotoka ufukweni. Upe saa 3. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, na nyumba zilipewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: mkasi, kauri, taa ya chuma, ushanga wa Venice. Kwa hiyo anza na makumbusho madogo ya hapo. Bila hivyo majina hayatakuambia kitu.

Ndani ya jumba, tazama nyua zilizochimbwa chini kuliko vyumba, ambako wageni walipokewa, kisha tafuta ghala lisilo na mlango. Aliyetaka kuingia alipanda ngazi hadi tundu lililo juu ukutani, na hiyo ndiyo iliyokuwa kufuli yao. Usipite vyoo bila kuvichungulia, vina hata mahali pa kutawadhia. Halafu nenda kwenye visima karibu na msikiti mkuu uone kina chake: kushuka kwa maji hayo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za watu kuuhama mji mwanzoni mwa karne ya 17. Kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, ndilo lililowasaidia wachimbuaji kupanga umri wa mengine.

Usipande kuta. Mvua imeshakula chokaa na mizizi imepasua mawe, na jiwe moja likichomoka hufuatwa na mengine. Chukua dawa ya mbu. Ndizi ifiche, kima wa Gede hawaombi. Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na uwe na njia ya kulipa kwa simu. Masika, Aprili na Mei, njia za msituni huteleza sana.

Ukitaka kuona vyombo zaidi vya Gede, vingine vimewekwa Fort Jesus, Mombasa.