Joto hupita, ukavu haupiti wenyewe

Tukizungumza habari za kukoma hedhi, wanawake wengi tunaanza na joto. Ni haki yake. Linapanda kutoka kifuani, linashika shingo na uso, jasho linatiririka, na baada ya dakika chache unatetemeka kwa baridi. Mimi lilinisumbua zaidi usiku, nikawa naweka gauni la pili la kulalia karibu na kitanda. Lakini joto angalau tunalitaja. Ukavu ukeni mimi na dada yangu, tusiofichana kitu, hatukuwahi kuutaja.

Kwangu ulijitokeza kama mkojo kuchoma. Ikasemwa ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikapewa antibayotiki. Baada ya muda kikarudi kilekile, nikapewa tena. Mkojo ukaoteshwa maabara, majibu yakasema hakuna bakteria, na bado nikaandikiwa dawa zilezile. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu najua wako wengi wanaomeza antibayotiki za bure hivi sasa. Wakati huohuo tendo la ndoa likawa maumivu, nikaanza kumkwepa mume wangu bila kumwambia sababu, naye akadhani nimemchoka.

Daktari aliyenisaidia, mama mtu mzima, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini?" Nilipomwambia mwaka umeshapita, akanieleza taratibu. Ukikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine, umeshakoma. Kwa wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55. Ovari zinapoacha kutoa estrojeni, homoni ya kike, ya kutosha, ngozi ya ndani ya uke inakuwa nyembamba, inakauka na kuchubuka upesi. Bakteria wazuri wanaoufanya uke uwe na asidi hupungua, wale wabaya wakapata nafasi. Njia ya mkojo nayo inaitegemea estrojeni hiyohiyo, ndiyo maana unachomwa, unakwenda haja ndogo kila mara, na UTI za kweli nazo zinaongezeka. Takribani nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupata haya. Na tofauti na joto, ambalo kwa wengi hupungua miaka ikipita, ukavu usipotibiwa huendelea, mara nyingi ukazidi.

Tiba ipo, na si ya kutisha. Niliandikiwa estrojeni ya dozi ndogo ya kuweka ukeni: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Wengine hupewa krimu, wengine pete laini inayokaa ndani kwa miezi mitatu. Inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, kwa hiyo hulazimiki kuongeza projesteroni, homoni nyingine ya kike, kama anavyolazimika mwenye kizazi anayetumia estrojeni ya kumeza au ya kubandika. Ila haifanyi kazi kwa siku mbili. Mimi nafuu niliiona baada ya wiki kadhaa, na ukiacha, ukavu hurudi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake wa saratani.

Asiyetaka homoni anaweza kutumia vilainishi vya uke vya kupaka mara kwa mara, na vingine wakati wa tendo. Vyenye mafuta huharibu kondomu za mpira, chagua vya maji. Na tafadhali, dada zangu, acheni kuosha ndani ya uke kwa sabuni na vitu vya manukato. Vinakausha zaidi.

Hii dawa ya ukeni haitibu joto wala haikulindi mifupa. Ukiwa na joto kali, hiyo ni tiba nyingine ya kujadiliana na daktari.

Mume wangu nilimweleza yote, tumekaa sebuleni, taa zinawaka. Alinyamaza, kisha akauliza dawa inapatikana wapi. Dada yangu nilimpigia simu, akacheka, halafu akalia. Yeye alikuwa amevumilia miaka.

Jambo moja lisingoje: ukiona damu baada ya kukoma hedhi, hata tone, usiseme hedhi imerudi na usisingizie ukavu. Mara nyingi si jambo kubwa, lakini inaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa uzazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Nenda ukapimwe wiki hiyohiyo.