Swali Namba 4

Basi lilinishusha Kautokeino, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa Norway, saa tatu na robo usiku, mwezi wa Machi, baridi nyuzi 29 chini ya sifuri, na simu ikanizimikia mkononi. Chaji ilikuwepo, tulipotoka Alta ilisoma asilimia 60. Baridi ya kule hunyonya betri kama kupe, nami nilikuwa nimeitoa mfukoni ili nisome namba za siri za mlango wa nyumba ya wageni. Nyumba yenyewe haina mapokezi wala mlinzi. Unalipa mtandaoni, kroni 1,290 kwa usiku mmoja, zaidi ya shilingi 300,000, unatumiwa namba, unajifungulia. Nikabonyeza nilizozikumbuka. Taa nyekundu. Nikazigeuza mbili za mwisho. Nyekundu.

Nimezaliwa Longido, Tanzania, na baridi ya Julai alfajiri naijua, ile upepo unaposhuka mlimani na ng'ombe bado wako bomani. Hii haina undugu na ile. Ukivuta pumzi, vinyweleo vya puani vinasimama kama sindano. Kope zinashikana, inabidi uzibandue kwa vidole. Buti nilizovaa nilizinunua kroni 1,800 kwenye duka moja mjini, na muuzaji aliniapia kwamba zinahimili hata nyuzi 40. Baada ya dakika kumi sikuvisikia vidole vya miguu. Nilizunguka ile nyumba nikigonga kila dirisha, giza tupu. Barabarani hapakuwa na gari wala mbwa, hatua zangu tu zikilia kwaru kwaru juu ya theluji. Nilianza kuogopa kweli.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na taa jikoni. Nikaenda nikapiga hodi.

Aliyefungua ni mama wa miaka sitini na kitu, mfupi, kitambaa kichwani. Hakuniuliza jina wala nitokako. Alitazama buti zangu, akanivuta ndani kwa mkono wa koti, akanikalisha karibu na jiko la kuni, akazivua yeye mwenyewe. Kisha akaleta viatu vya ngozi ya reni, yule mnyama wa baridi mwenye pembe anayefugwa huko, yenye manyoya, pua zake zimepinda kwenda juu. Ndani hapakuwa na soksi. Alichukua fungu la nyasi kavu, laini kama katani iliyopigwa, akalizungusha kwenye ngumi mpaka likawa kama kiota cha ndege, akalisokomeza kiatuni, halafu akaniingizia mguu. Dakika tano hazikupita, damu ikarudi ikichoma kama pilipili. Nyasi! Nimekua naziangalia kama chakula cha ng'ombe na paa la nyumba, na kumbe zinaweza kumwokolea mtu vidole.

Wajukuu walimwita Áhkku, yaani bibi kwa Kisami, lugha ya Wasami, wenyeji wa asili wa huko, nami nikamwita hivyo hivyo. Aliweka godoro karibu na jiko. Akanimiminia kahawa, akadondoshea ndani vipande vya nyama kavu na jibini. Unakunywa kwanza, kisha unatoa vipande vilivyolainika unakula. Sijawahi kunywa kahawa ya namna hiyo, na sasa naikumbuka karibu kila asubuhi.

Kesho yake nilimwandikia mwenye nyumba ya wageni. Akanijibu mistari miwili: namba zilikuwa sahihi, fedha hairudi. Bado inaniuma. Nikakaa kwa Áhkku siku tano. Mbili kati ya hizo upepo ulivuma tukashinda ndani, hazina simulizi.

Kilichonipeleka kule ni dodoso la kurasa nane. Nasoma shahada ya uzamili ya sosholojia kusini mwa Norway, na nilikuwa nimepata kibarua kwenye mradi wa kuchunguza jinsi wafugaji wanavyokabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Nikiwaambia watu nyumbani kwamba nafanya utafiti wa Aktiki, ukanda wa Ncha ya Kaskazini, wanawaza meli za kupasua barafu na dubu weupe. Na kwa muda mrefu utafiti wa huko ulikuwa hivyo kweli. Mwaka wa Kimataifa wa Ncha za Dunia, ambapo wanasayansi wa nchi nyingi huchunguza ncha kwa pamoja, ule wa kwanza, 1882 hadi 1883, ulikuwa wa vipimajoto na sumaku. Ni katika ule wa 2007 hadi 2008 ndipo watu wanaoishi kule walipoingizwa rasmi kama sehemu ya utafiti wenyewe. Chama cha kimataifa cha wanasayansi ya jamii wa Aktiki nacho ni cha juzi, kilianzishwa 1990 huko Fairbanks, Alaska. Setilaiti inaona kwamba theluji imefunika ardhi. Haioni kama mnyama anakifikia chakula kilicho chini yake, wala haijui ni sheria gani inamzuia mfugaji kuhamia bonde la pili. Hayo lazima umuulize mtu.

Kwa hiyo nikamuuliza. Siku ya pili asubuhi, vikombe vikiwa mezani, nikafungua dodoso. Maswali matatu ya mwanzo yalipita: umri, elimu, ukubwa wa kaya. Swali namba 4 lilisema: Una reni wangapi?

Áhkku aliweka kikombe chini taratibu. Akanitazama kwa muda.

"Na wewe benki una kiasi gani?" akasema.

Nilisikia masikio yanawaka. Baba yangu hajawahi kutaja idadi ya ng'ombe wake mbele ya mtu, hata mbele yetu wanawe. Mgeni akiuliza, anaambiwa "wapo", na mazungumzo yanahamia kwenye mvua. Hilo nililijua kabla sijaweza kuandika jina langu. Lakini nililibeba swali lile kutoka kusini, limechapwa vizuri, nimelisoma ofisini mara nne au tano, na kila nilipolisoma lilikuwa safu tu kwenye jedwali. Sikuusikia ubaya wake mpaka lilipotoka kinywani mwangu, mbele ya mtu aliyenivisha viatu.

Hakukasirika. Alinieleza, na alieleza kama anayemfundisha mtoto wa jirani. Hesabu ya mifugo si jambo la heshima peke yake. Serikali huweka kiwango cha reni wanaoruhusiwa, na anayezidi anaamriwa kuchinja. Akanisimulia kesi ya Jovsset Ánte Sara, mfugaji kijana aliyetakiwa abaki na reni 75. Alikwenda mahakamani akisema kwa idadi hiyo hawezi kuishi. Ngazi mbili za chini alishinda, na Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikamgeuka. Dada yake, msanii Máret Ánne Sara, alitundika mbele ya bunge Oslo pazia la mafuvu 400 ya reni, kila moja na tundu la risasi.

"Wakishaipata namba," Áhkku akasema, "wanaanza kuipunguza."

Nilikuwa namsikia mama huyu huku naona boma letu. Kampeni za kupunguza mifugo zilianza enzi ya mkoloni na hazijawahi kwisha, zinabadilisha jina tu. Nikiwa mdogo, akionekana mtu anakuja na daftari, tulitumwa kukimbiza ndama nyuma ya kilima. Hatukuambiwa sababu, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.

"Haya," akasema. "Baba yako ana ng'ombe wangapi?"

"Wapo," nikajibu.

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa. Akanijazia kikombe, akavuta kiti karibu. Mahojiano yangu yalianza pale, na dodoso halikufunguliwa tena.

Siku ya nne upepo ulitulia. Mwanawe wa kwanza alinipakia kwenye pikipiki ya theluji, tukaenda karibu saa nzima hadi yalipo makundi ya ukoo wao. Reni walikuwa wametapakaa kwenye uwanda mweupe, vichwa chini, wengine wamezama kwenye mashimo waliyochimba kwa kwato, unaona mgongo tu. Wanatafuta likeni, kitu cheupe chenye matawi madogo madogo kinachoota ardhini, kikavu ukikishika lakini wao ndicho kinachowavusha majira ya baridi.

Yule kaka alishika koleo, akachimba shimo hadi kwenye udongo, akalisawazisha ukuta mmoja kama fundi anayekata tofali. Akaniambia nivue glavu. Juu theluji ilikuwa laini, katikati ngumu kidogo, na chini kabisa ilikuwa chembechembe kubwa zilizoachana. Nilizichota zikanitiririka kati ya vidole kama chumvi ya mawe. "Seaŋáš," akasema. Ikiwepo hiyo chini, mnyama anachimba bila taabu na likeni haigandi. Tukaenda mbele kama mita mia mbili, mahali ambapo mimi sikuona tofauti yoyote. Koleo likagonga, ngo! Akapiga magoti, akafagia kwa mkono, nikaona kioo cha barafu kimeshika ardhi, na likeni imelala ndani yake, unaiona kabisa na huwezi kuigusa. Hiyo inaitwa bodneskárta. Joto likipanda katikati ya majira ya baridi, mvua inanyesha juu ya theluji, maji yanashuka hadi chini, baridi inarudi na kufunga malisho. Reni wanasimama juu ya chakula chao wakifa njaa. Kule Yamal, Siberia, mvua ya namna hiyo ilinyesha Novemba 2013, na hadi majira yale yanakwisha reni wapatao 61,000 walikuwa wamekufa.

Mwaka wa namna hiyo wao wanauita goavvi. Áhkku anaukumbuka wa 1968, alikuwa mtoto. Nikamwambia kuhusu ukame wa 2009 Longido, jinsi harufu ya mizoga ilivyokaa kijijini miezi, na baba aliyekuwa akitoka asubuhi na fimbo ingawa hapakuwa tena na cha kuchunga. Hakusema pole. Aliuliza, "Fimbo aliishika mkono gani?" Nikamwonyesha. Akaitikia kwa kichwa kama anayemfahamu.

Siku ya mwisho nilipita Diehtosiida, jengo la Chuo Kikuu cha Wasami. Chai na andazi moja la mdalasini kroni 85, nikajilazimisha kutozigeuza kuwa shilingi. Huko nilielezwa habari za mradi wa EALÁT, wa kuchunguza ufugaji wa reni na mabadiliko ya tabianchi, ulioanzishwa na Chama cha Wafugaji wa Reni Duniani katika ule mwaka wa 2007 hadi 2008, ukaongozwa kutoka mji huu huu mdogo. Wafugaji hawakuwa wahojiwa tu, walikuwa watafiti. Mmoja wa watu wake, Inger Marie Gaup Eira, anayetoka kwenye familia ya wafugaji, alikusanya maneno ya Kisami ya theluji zaidi ya mia tatu, akaandika tasnifu yake ya udaktari ya 2012 kwa Kisami chenyewe. Kila neno linasema theluji ikoje na mnyama atafanya nini juu yake. Wanafizikia wa theluji wamekaa na maneno hayo wakayalinganisha na vipimo vyao, na yanalingana.

Nilikaa kwenye kile kiti nikiwaza msamiati wa baba. Ana maneno ya nyasi ambayo mimi nusu yake nimeshayapoteza. Najua alalili, malisho yanayotengwa kwa ndama na wagonjwa wakati wa kiangazi. Ni nani amewahi kumkalisha mzee wa Longido na mtaalamu wa nyanda za malisho, siku tatu, wote wawili wakiwa watafiti? Wanaokuja kwetu huja na swali namba 4.

Kijana mmoja wa chuo alinipa lifti, na kabla ya kuniacha kwenye basi la Tromsø alinipitisha kanisa la Kåfjord, nje kidogo ya Alta. Alisema mtu anayesomea jamii za huku lazima apaone. Hapo wamezikwa Aslak Hætta na Mons Somby. Walikatwa vichwa 1854 kwa kuongoza uasi wa Wasami wa Kautokeino wa 1852. Miili ikazikwa, vichwa vikapelekwa chuo kikuu vipimwe, kwa kuwa sayansi ya wakati ule iliwatafuta Wasami kwenye mifupa yao. Fuvu moja lilikuja kupatikana Oslo, jingine Copenhagen. Yalizikwa 1997. Nilisimama pale theluji imefika magotini, namkumbuka Chifu Mkwawa na fuvu lake lililokaa Ujerumani hadi 1954. Kijana alikuwa hajawahi kumsikia. Nikamsimulia garini, injini inaunguruma, akasahau kwamba ananichelewesha.

Tromsø nilimpigia baba. Nikamweleza viatu vya nyasi, barafu chini ya theluji, na jinsi kila majira ya kuchipua wanavyohama na makundi kutoka uwandani kwenda pwani. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mwanangu," akasema, "wenye mimba wanahama kabla ya kuzaa au wakishazaa?"

Nikamwambia sikuuliza.

"Siku tano, na hukuuliza hilo?"

Nilitoa dodoso kwenye begi, nikafuta swali namba 4, nikaandika hapo swali la baba, na jioni ile ile nikampigia Áhkku.