Madumu nyuma ya mlango

Jumamosi dalali kabisha hodi, kaja na kijana mmoja na mchumba wake. Hata kilemba nilikuwa sijafunga. Yule binti akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akafungua bomba bila kuniuliza, akainamisha kichwa kulisikiliza. Nikaishiwa maneno. Mkao ule ninaujua. Ni wangu, wa mwaka 2017, jikoni humuhumu.

Wakati ule mimba ya Nasra ilikuwa na miezi saba na mimi nilikuwa na daftari. Mnanijua na madaftari yangu. Nilichora mistari: kodi, maji, luku, choo, umbali wa kituo. Kila nyumba tunayoonyeshwa naipa alama. Baba Nasra aliuita mtihani wa taifa.

Tulianzia Sinza. Chumba na sebule, chini, pasafi, laki mbili na nusu. Lakini luku ilikuwa moja kwa kaya nne. Pembeni ya mita walibandika karatasi ya nani kachanga na nani bado, na chini yake mtu kaandika kwa wino mwekundu: SISI WA PASI YA MKAA TUNALIPIA FRIJI YA NANI? Nikapiga mstari. Tabata Segerea tukakuta jengo jipya, marumaru mpaka bafuni, geti, na mlinzi aliyetupigia saluti. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Bodaboda akatushusha njiani, akasema pale mbele hapitishi mjamzito. Nikapiga mstari wa pili.

La tatu ndilo hili, Shekilango, ghorofa ya pili, laki tatu. Dalali tulishampa hela yake ya kutuzungusha na alikuwa na wimbo mmoja tu: "Mwendokasi hapo, dada. Mwendokasi hapo." Kweli ilikuwa hapo. Mabasi yalikuwa na mwaka mmoja barabarani, nauli 650, na kila mwenye nyumba wa kando ya Morogoro Road alishapandisha kodi kana kwamba basi kalinunua yeye.

Ambacho dalali hakusema ni kwamba ndani bado kuna watu.

Alifungua mlango huku anabisha hodi, vyote kwa pamoja. Mwanamke alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele kwenye ungo. Mtoto kalala ubavuni mwake, miguu juu ya paja la mama, mdomo wazi. Yule mama alijifunika kanga mabegani, akasema karibuni, akaendelea na mchele. Hakusimama, maana angesimama mtoto angeamka. Sisi tukapita. Tuliruka miguu ya mtoto wake, tukaenda chumbani kwake, na Baba Nasra akaanza kuhesabu hatua pembeni ya kitanda chake. "Sita kwa sita inaingia," akasema kwa sauti, "hili kabati likitoka." Hili kabati! Nguo za watu zimo, nyingine zinaning'inia mlangoni. Mimi nikasema rangi ya ukuta ni chafu. Nilisema, sikunong'ona. Kutoka mkekani mchele ulikuwa unaanguka sufuriani, chembe chembe, halafu ukanyamaza, halafu ukaendelea.

Nikaenda jikoni kufungua bomba. Likakohoa, likatoa tone moja, basi. Dalali akasema mota imezimwa kidogo, kuna fundi. Nikamgeukia yule mama.

"Dada, samahani, habari ya maji hapa?"

Alimtazama dalali kwanza. Kisha akatazama ungo.

"Maji yapo."

Nyuma ya mlango kulikuwa na madumu ya njano, yamepangwa mawili mawili na kufunikwa kanga. Niliyahesabu, kwa sababu mimi nahesabu kila kitu: kumi na moja. Kanga imeandikwa *Mgeni njoo mwenyeji apone*. Baba Nasra anasema hapo naongeza chumvi, kanga haikuwa na maandishi hayo. Labda. Lakini madumu anayakubali, na daftari ninalo mpaka leo: MAJI, alama ya vema.

Tulilipa miezi sita. Mitatu ya mwenye nyumba, mitatu ya yule mama, maana alikuwa bado na miezi yake na walikuwa wanahama ghafla, akamtafuta wa kumrudishia. Na mwezi wa dalali juu. Wiki ya kwanza tukaambiwa na majirani kwamba mota inawashwa Jumatano na Jumamosi, saa sita za usiku. Nilimtukana yule mama kila Jumatano kwa miaka, kwanza na tumbo, kisha na mtoto mgongoni. Nilijifariji kwamba angalau luku ni yetu peke yetu, mpaka 2021 kodi ya jengo ikaanza kukatwa kwenye luku na mimi nikawa nailipia nyumba isiyo yangu.

Sasa tunahama sisi, ghafla vilevile, tuna miezi minne mkononi. Kwa hiyo yule binti alipofunga bomba akaniuliza maji vipi, dalali alinitazama kwanza. Nikamwambia yapo. Nikaona hiyo "yapo" inaning'inia pale, nikaongeza: Jumatano na Jumamosi, usiku. Halafu nikaanza kusifia upepo wa dirishani, na luku, na Mwendokasi, mfululizo, mpaka dalali mwenyewe akacheka. Binti alishukuru vizuri sana. Hajapiga simu.

Baba Nasra ananijibu kwa mkato tangu siku hiyo. Leo kuna wengine wanakuja kuona saa kumi. Asubuhi nimekuta madumu yamefunikwa shuka, limechomekwa vizuri kila upande kama kitanda cha mgeni. Sijaliondoa.