Kosta imeharibika Nyororo na mwenye kisu ni mimi

Kisu chenyewe kilikuwa cha babu mzaa baba, wa Tukuyu, na yeye alikipata Joni, yani Johannesburg, enzi za Wenela. Wenye wazee wa Rungwe mnaijua hii stori, Wenela ndo walikuwa wanachukua vijana huku kwetu kuwapeleka kwenye migodi ya dhahabu Afrika Kusini, mtu anaenda anakaa huko anarudi na blanketi na baiskeli, kama mambo yamemnyookea anarudi na gramafoni kabisa, mpaka uhuru ulipokuja serikali ikapiga marufuku. Babu baiskeli aliuza, blanketi likaisha, kikabaki kisu.

Ni Okapi. Mpini wa mbao umepachikwa vinyota na mwezi wa bati, jina limegongwa kwenye ubapa, jina la yule mnyama wa misitu ya Kongo mwenye miguu ya mistari kama punda milia. Zilianza kutengenezwa Ujerumani, mji wa Solingen, mwaka 1902, Wajerumani walitaka kitu cha kuuza huku kwenye makoloni yao, sa hizi zinatoka Afrika Kusini. Cha babu kimenolewa miaka na miaka mpaka ubapa umekonda katikati. Sasa Okapi ina jambo lake moja ambalo lazima ulijue ndo utaelewa kilichonikuta, kisu kinalia. Nyuma kuna springi na meno na pete ya chuma, ukianza kukunjua kinapita jino kwa jino, krrk, krrk, krrk, kikifika mwisho kinajifunga, na hukikunji mpaka uvute ile pete. Ukikikunjua hivi hivi bila kushika pete, lazima watu wasikie.

Babu alinipa nilipopata chuo Iringa. Akaniambia, "Mwenzangu, hiki mimi nilikuwa namenyea ndizi. Kule Joni nimeona watu wanachomana navyo Jumamosi wakishalewa, kwa hiyo Jumamosi mimi nilikuwa nakiacha chini ya godoro." Basi, nasaha zote ndo hizo, akaendelea na kahawa yake.

Sasa hiyo siku tumefunga chuo, mwezi wa saba, na mnaijua baridi ya mwezi wa saba ya Mufindi, nimepanda Kosta pale Iringa naenda zangu nyumbani Mbeya. Nimekaa na mama mmoja wa makamo, kitenge na sweta, miguuni ana dumu la mafuta ya alizeti kalibana kwa visigino lisihame. Mama mkarimu kweli, hata Mafinga hatujafika ameshanimwagia karanga kiganjani, ananiuliza nasoma nini, nyumbani kwetu wapi, baba bado yupo, mama bado yupo, nikimjibu anasema haya mwanangu soma, soma sana. Mpaka tunaingia ile misitu ya misonobari ya Sao Hill mimi ni mtoto wake kabisa.

Tumepita Nyororo kidogo, kabla ya Makambako, tukasikia pwaa halafu mvuke ukajaa ndani, maana injini ya Kosta iko pale pale mbele kwa dereva. Watu wa siti za mbele wakarukia nyuma, mtoto analia, kuna mtu anapiga kelele moto moto, dereva akaingiza gari pembeni akasema hamna moto, hozi ya rejeta imepasuka, tulieni jamani. Tukashuka. Ukungu umeshuka, kimvua kile cha kunyunyiza, upande huu msitu upande huu msitu, malori ya Tunduma yanapita yanatumwagia upepo.

Dereva alikuwa mzee mwenye akili, hakugusa mfuniko wa rejeta mpaka injini ikapoa (nimeshaona mtu kaungua uso kwa kukosa subira ya dakika kumi). Ilipopoa akachomoa ile hozi akatuonyesha. Ilikuwa imechanika mwishoni, pale inapobanwa na klipu, ufa wa kama kidole. Akasema hii ndogo, tunakata hiki kipande kibovu, tunairudisha, juu tunazungushia tyubu kukaza, tunafika Makambako taratibu. Bisibisi anayo, spana anazo, kipande cha tyubu ya baiskeli kipo anafungia mizigo juu. Kisu hana.

Utingo akajaribu kwa meno, nawaambia ukweli, kijana kaing'ata hozi ya rejeta. Akaokota kipande cha chupa barabarani, mpira mgumu ule una nyuzi ndani, chupa ikateleza ikamchana kiganja. Ndo konda akageuka, abiria tumejikunyata pale, akapaza sauti: "Jamani, nani ana kisu? Hata kiwembe."

Kimya.

Watu karibu thelathini, hakuna anayejibu. Kila mtu akawa anaangalia msitu. Na mimi nacho, mfuko wa kulia wa suruali, nimekishika kwa ndani kabisa nakisikia, na sijibu. Sikuwa nafikiria kitu cha maana, niliona aibu tu. Uibuke mbele za watu useme mimi natembea na kisu? Kijana wa miaka ishirini na kitu, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi, bado mtu ananiita mwanangu? Konda akauliza mara ya pili. Akauliza tena huku amekasirika, "Yani gari zima hamna hata kisu cha kumenyea chungwa?"

Nikasema mimi ninacho.

Nikakitoa, na kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi nikakikunjua polepole, jino kwa jino, krrk, krrk, krrk, krrk, na pale palivyokuwa kimya ile sauti ilienda mpaka kwenye misonobari ikarudi. Dada mmoja akasema "Yesu." Yule mama wangu wa karanga alikuwa amesimama begani kwangu, akasogea. Hakukimbia, hakusema neno, alisogea tu hatua kama mbili, na mkoba uliokuwa unaning'inia mkono wa upande wangu akauhamishia mkono wa pili.

Kisu kilikata hozi kama jibini. Dereva akakata kile kipande kibovu duara safi kabisa, akachana ile tyubu ukanda mrefu wa upana wa vidole viwili, hozi ikarudishwa, klipu ikakazwa, tyubu ikavutwa kwa nguvu ikazungushwa mara nyingi mpaka pakavimba, maji wakachota kwa madumu kwenye kijito cha bondeni. Mfuniko wa rejeta hakuukaza mpaka mwisho, akasema presha ikipanda itafute njia ya kutokea hapo isije ikapasua tena. Ufundi wa barabarani huo, ukiuuliza gereji wanakucheka lakini gari linafika. Akanirudishia kisu, kakifutia kwenye suruali yake, akasema asante dogo. Nikavuta pete, kikajikunja.

Tumerudi ndani, mama kakaa siti ya nyuma yangu. Siti yetu nimekaa na dumu la alizeti.

Hapo ndo maneno yakaanza, maana watu wakishapona wanapata mdomo. Jamaa mmoja nyuma akasema hivi vijana wa siku hizi wanatembeaje na visu kwenye magari ya abiria, lingekuwa jambazi je? Mwingine akamjibu kama lingekuwa jambazi ungekuwa ushaona. Kulikuwa na mwalimu mmoja, alijitambulisha mwenyewe, akasema wazungu wanabeba vile vyekundu vyenye msalaba, Victorinox, na hakuna anayewaogopa. Hilo nimelifikiria sana baadaye na naona mwalimu alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Karl Elsener wa Uswisi alianza karakana yake mwaka 1884, mwaka 1891 akaanza kupelekea jeshi lao visu, yani hicho kisu unachoona cha watalii kilikuwa cha askari, na ile bisibisi iliwekwa ili askari aweze kufungua bunduki yake! Ila tangu mwaka 1897 ikatoka ile ya maofisa yenye kizibuo cha mvinyo, na ukikitoa leo mtu anakwambia nione, nione, kina mkasi? Makali ni makali. Okapi haina mkasi, halafu inalia, halafu Jamaika wahuni wa miaka ya sitini na sabini walikuwa wanatamba nayo. Watu wanaogopa sura na sauti.

Basi wakati wanabishana, mzee mmoja aliyekaa upande wa pili, koti refu, hajasema kitu tangu Iringa, akafungua kikapu chake akatoa kiazi kitamu cha kuchemsha, alafu akaingiza mkono ndani ya koti akatoa kisu. Kisu haswa, kifupi, mpini umefungwa kamba, kimenolewa mpaka kinang'aa ukingoni. Akaanza kumenya kiazi chake taratibu. Gari zima likanyamaza.

Konda akamwambia, "Mzee, si niliuliza mimi, nani ana kisu?"

Mzee akatafuna kwanza. "Uliuliza. Mimi mgema wa ulanzi, hiki cha kukatia mianzi, nakata asubuhi na jioni msimu mzima. Nikimpa mtu akakatie mpira kinakufa makali." Akanielekeza kwa kisu, "Na nilishamwona huyu kijana kashika mfuko. Nikasema ngoja, atatoa mwenyewe."

Nilicheka mpaka machozi, na gari zima likacheka. Mwenye koti karudi kwenye kiazi chake. Wanaoujua ulanzi, ile pombe ya mianzi, wataelewa, chipukizi la mwanzi likikatwa na kisu butu halitoi vizuri, kwa hiyo mzee alikuwa na haki yake.

Makambako hatukukaa sana, wakapata hozi nyingine. Kwenye kizuizi kimoja mbele huko askari akapanda kuhesabu abiria, na yule jamaa wa majambazi hakuweza kujizuia, "Afande, humu kuna mtu ana kisu." Nikahisi tumbo limeshuka. Afande akaniambia lete. Nikampa kikiwa kimekunjwa. Akakikunjua, krrk, krrk, akakinusa, kinanuka mpira.

"Unafanya kazi gani?"

"Mwanafunzi, afande."

"Mwanafunzi wa nini, wa kisu?"

Gari likacheka, na yeye akacheka kidogo, konda akamwelezea habari ya hozi. Afande akakigeuzageuza, akauliza mwezi na nyota za nini, nikasema sijui, vya babu. Alishindwa kukikunja, nikamwonyesha pete. Akanirudishia akasema kaweke kwenye begi, mfukoni hapana, sitaki kukiona tena mfukoni. Nikaenda nikakifunga kwenye begi, chini ya nguo, mbele ya watu wote. Yule mgema hakuna aliyemtaja, na kikapu chake alikuwa amekipakata.

Igawa kule chini kwenye joto watu wakanunua mapapai. Tumeondoka kidogo nikasikia nimeguswa bega, yule mama.

"Mwanangu, hebu nipe hicho kisu chako."

Nikashuka tena mpaka chini ya nguo. Akakata papai lake, akatoa mbegu dirishani, kipande kikubwa akanipa mimi, akarudi siti yake ya mwanzo kwenye dumu lake kama vile hakuna kilichotokea. Sikumuuliza na yeye hakusema. Kisu alikaa nacho mpaka karibu na Uyole, ameweka mapajani kimefunguka, kwa sababu na yeye hakujua kukikunja.

Nyumbani Mbeya nikawasimulia, nikategemea watacheka. Mama alicheka. Baba hakucheka. Baba alifanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka anastaafu, majalada yote ya kuchomana visu yamepita mezani kwake, ya vilabuni, ya mipaka ya mashamba, ya wivu. Akasema, "Unajua hao watu wakiulizwa kisu kilikuwa cha nini wanasemaje? Wote wanasema cha kumenyea machungwa. Na hawasemi uongo. Asubuhi kilikuwa cha machungwa kweli." Akauliza kama naenda nacho kwenye pombe, nikasema hapana. Kwenye mpira je? Hapana. Akasema babu yako alikuwa anakiacha chini ya godoro Jumamosi, nikasema najua baba, kaniambia. Hapo kidogo akatulia, akakiomba akiangalie, maana kumbe yeye mwenyewe alishawahi kukiomba kwa babu akanyimwa.

Mi mpaka leo natembea nacho. Safarini kiko kwenye begi pamoja na chaja na tochi, shamba naenda nacho, nyumbani kinakata sabuni ya mche. Baa hakifiki, uwanja wa Sokoine hakifiki, siku za sherehe hakifiki. Mtu akiniuliza abebe au asibebe huwa namuuliza kwanza jioni anakuwaga wapi.

Mwaka jana nimepanda ndege pale Songwe, begi la mkononi hawakubali chochote chenye makali kwa hiyo nilishakiweka kwenye lile la kupakia chini, bado wale wa mashine wakakiona wakaniita, fungua begi kaka, hiki ni cha nini? Nikawaambia ni cha babu. Machungwa sikuyataja.