Miziki ya mwezi wa tisa

Yaya wangu wa Bruxelles ananitumia miziki ya otone, juu kule majani inaanza kuanguka na baridi inaingia. Ndani kuko Les Feuilles mortes ya Yves Montand, na September ya Earth, Wind & Fire ya 1978, ile hata mama anaichezaka na mwiko mukononi 😂 Sasa mie niko huku Lubumbashi, jua inachoma, vumbi mpaka ndani ya chai, jakaranda zinamwanga maua mu barabara, mvua bado. Montand na hii joto? Hapana kabisa! Nikaweka Masanga ya Mwenda Jean Bosco, gitare tu, kidole gumba na kile cha pembeni vinakimbizana, na jirani akaita juu ya ukuta: ongeza sauti kidogo, yaya!