Mtoto anaugua kila mara: anza na daftari, kisha FBP (kipimo cha kuhesabu seli za damu)

Mtoto wa miaka 2 aliyeanza chekechea anaweza kupata mafua mara 8 kwa mwaka, na kila mara yakamkalia siku 10 hadi 14. Mzazi huona haponi, kumbe ni mafua mapya yamepokea ya zamani. Akipata nafuu katikati, anakula, anacheza na uzito unapanda kwenye kadi ya kliniki, kwa kawaida kinga yake haina shida.

Kinachotaka uchunguzi ni nimonia 2 ndani ya mwaka, masikio kuugua mara 4 au zaidi, majipu ya ndani yanayorudi, utando mweupe mdomoni usioisha baada ya mwaka 1, au uzito uliosimama. Mahali pa ugonjwa nako kuna maana. Nimonia inayorudi sehemu ileile ya pafu hutufanya tutafute punje ya karanga iliyompalia au tezi za TB zinazobana njia ya hewa. Ikihamahama, tunafikiria pumu, moyo au kinga.

Andika kwenye daftari tarehe, ugonjwa, kipimo kilichouthibitisha na dawa. Zile "UTI na taifodi" zisizothibitishwa kwa kuotesha mkojo au damu maabara usizihesabu. Widal, kipimo cha damu cha taifodi, peke yake haithibitishi kitu, na mkojo wa kwenye mfuko huchafuliwa na vijidudu vya ngozi.

Vipimo vya mwanzo si vya gharama kubwa: VVU, selimundu na FBP. VVU apimwe hata kama mama alikutwa hana wakati wa ujauzito, maana huenda aliambukizwa akinyonyesha. Chini ya miezi 18 kipimo ni PCR, kinachotafuta kirusi chenyewe, kwa kuwa kile cha haraka huweza kusoma kingamwili za mama.

Kwenye FBP ndiko wengi wanakopitiwa. Tazama idadi ya limfosaiti (aina ya seli nyeupe za kinga), si asilimia. Seli nyeupe 6.0 (maelfu kwa mikrolita) zenye limfosaiti 20% ni limfosaiti 1.2 tu. Mashine nyingi zimewekewa viwango vya watu wazima, hivyo namba hiyo hutoka bila alama yoyote ya tahadhari. Kwa mtoto wa miezi 4, limfosaiti chini ya 3.0 hairuhusu kungoja: kipimo kirudiwe ndani ya siku chache, kwapa la upande aliochomwa BCG (chanjo ya TB) likaguliwe kama tezi zimevimba, na matone ya chanjo ya rota na polio yasitolewe mpaka daktari bingwa wa watoto amwone.